Siku ya Mvua Njiani: Kutambua na Kutatua Matatizo ya Mtembeaji Atokaye Pwani

Mvua ya Mombasa haimfundishi mtu baridi. Hata masika inapofikia kilele mwezi wa Mei, mtu aweza kutembea kutoka Mwembe Tayari hadi kivukoni Likoni akalowa chepechepe, akafika kwake, akabadili nguo na asipatwe na lolote, kwa kuwa halijoto ya mji huu ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Mazoea hayo ndiyo humponza anapokwenda bara kwa safari ya miguu ya siku kadhaa. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hivyo siku ambayo Kilindini kuna nyuzi 28, kilele cha Vuria katika vilima vya Taita, chenye mita 2,208, huwa na nyuzi 14 hivi, na anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru hukuta nyuzi 8 hivi afikapo kituo cha hali ya hewa kwenye mita 3,050. Hesabu hizo bado hazijaingiza upepo wala nguo zilizolowa.

Wengi wakipata taabu njiani hutibu kile wanachokiona. Aliyelowa huongeza nguo, anayetetemeka huongeza mwendo, mwenye malengelenge hubadili soksi, ilhali mara nyingi chanzo kilianza saa moja au mbili nyuma na wala hakiko pale panapouma. Maelezo yafuatayo yanaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi chanzo. Nimezikalia kwa kirefu zile dalili ambazo chanzo chake hufichika.

Umelowa, na koti halijavuja

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi na kutambuliwa vibaya zaidi. Mtembeaji hulivua koti la mvua jioni, hukuta shati limelowa, akakata kauli kwamba ameuziwa koti bovu. Kabla ya kauli hiyo, chunguza maji yako wapi. Yakiwa mgongoni, kwapani na ndani ya viwiko, tena yakaonekana zaidi baada ya kupanda mlima, hayo ni jasho. Yakiwa mabegani chini ya kanda za shanta, kwenye mstari wa zipu, shingoni, au kwenye mikono kuanzia kiganjani kwenda juu, hiyo ni mvua iliyopata mwanya.

Makoti yanayosifiwa kuwa yanapumua hutoa mvuke wa jasho kwa sharti moja tu: hewa ya nje iwe na mvuke mchache kuliko ya ndani. Siku ya mvua na ukungu tofauti hiyo hupungua sana, na kitambaa cha nje kikishalowa, mvuke hukosa kabisa pa kutokea. Hapo koti la bei kubwa na la bei ndogo hukaribiana kuliko muuzaji anavyokubali. Tiba yake ni mwendo. Fungua zipu na uvue sweta kabla ya kuanza kupanda, si baada ya kuhisi joto, kisha panda polepole kiasi kwamba unaweza kuzungumza bila kuhema. Anayeanza mpando akihisi baridi kidogo amevaa sawasawa.

Ikiwa matone ya mvua hayabingiriki tena juu ya koti bali yanazama na kuacha mabaka meusi, dawa ya nje ya kuzuia maji imechoka. Lifue koti kwa sabuni laini bila dawa ya kulainishia nguo, lisuuze vizuri, kisha lipashe joto dogo kama lebo yake inavyoruhusu, kwa kuwa joto huirudishia dawa hiyo nguvu. Lijaribu kwa kulinyunyizia maji. Likiendelea kunywa maji, lipulizie dawa mpya.

Katika misitu ya joto kama ya Shimba Hills, naona mwavuli unafaa kuliko koti. Msituni upepo wa kuupindua ni mdogo, hewa hupita mwilini, na masikio hubaki wazi, jambo la maana katika hifadhi yenye tembo, ambamo hata wendao maporomoko ya Sheldrick husindikizwa na askari wa wanyamapori. Kwenye migongo ya milima iliyo wazi mwavuli haufai kitu.

Chunguza pia kilicho chini ya koti. Pamba hunywa maji mengi na huchelewa kukauka, polista hunywa kidogo sana, na sufu hubaki na joto hata ikiwa na unyevu. Jezi ya michezo ya polista kutoka mitumba ya Kongowea itakufaa kuliko fulana nzuri ya pamba iliyonunuliwa dukani kwa bei maradufu. Kikoi na kanga kwa kawaida ni vya pamba. Visivaliwe mvuani, lakini vikihifadhiwa vikavu ndani ya mfuko hakuna vazi bora la kulalia. Kwa akina mama na dada wanaotembea kwa buibui, taabu mara nyingi haitoki kwenye kitambaa, kwani mengi ni ya polista na hukauka upesi, bali hutoka kwenye pindo linalozoa tope, likawa zito na kugonga vifundo vya miguu. Gauni linaloishia chini kidogo ya magoti, juu ya suruali pana ya nailoni, hulinda sitara na hatua kwa pamoja. Ushungi wa pili mkavu ubebwe siku zote, kwa sababu kitambaa kilicholowa shingoni hupoza mwili kwa kasi.

Koti linanata, au soli inabanduka njiani

Tatizo hili ni letu watu wa Pwani kuliko wengine, na linastahili kujulikana zaidi. Makoti mengi, vifuniko vya shanta na mahema hupakwa ndani utando wa poliurethani, na buti nyingi zina tabaka laini la poliurethani kati ya soli ya chini na kiatu chenyewe. Kemikali hiyo huvunjwa polepole na unyevu pamoja na joto. Kabati la nyumba ya Mombasa lina vyote viwili mwaka mzima, kwa hivyo buti zilizowekwa miaka mitano bila kuvaliwa zaweza kuwa zimeoza ndani huku ngozi ya juu ikimeremeta.

Dalili kwenye koti ni kunata, harufu kali ya uchachu, na utando unaomenyeka kama magamba. Koti la namna hiyo halina dawa. Kwenye buti, bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba wiki kadhaa kabla ya safari. Likibonyea bila kurudi, likionyesha nyufa ndogondogo au likimomonyoka, buti hizo zisiende mlimani. Soli ikibanduka ukiwa tayari njiani, ifunge kwa utepe mpana wa nailoni au kamba nyembamba, ukizungusha chini ya unyayo na kuvuka juu ya kiatu, kisha tafuta njia fupi ya kushuka. Kamba hiyo hukatika kwenye mawe, basi beba ya kutosha kufunga tena na tena. Buti na makoti yahifadhiwe mahali penye hewa, wala yasifungiwe ndani ya mfuko wa nailoni.

Baridi isiyokwisha

Hapa ndipo mazoea ya Pwani yanapokuwa hatari kwa maisha. Mwili wa binadamu hufanya kazi kwenye nyuzi 37 hivi, na ukishuka chini ya 35 umeanza kushindwa. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na ndiyo sababu mtu aweza kupoa kupita kiasi kwenye nyuzi 10, bila barafu wala theluji, ikiwa amelowa, anapigwa na upepo na amesimama.

Dalili ya kwanza ni kutetemeka, na watu wetu hulicheka hilo kama ugeni wa baridi. Zinazofuata ndizo za kutazamwa kwa makini: vidole vinashindwa kufunga zipu, maneno yanaburutika, hatua zinajikwaa mahali tambarare, na mtu aliyekuwa mcheshi anakuwa mzito, mkimya au mkaidi. Mgonjwa mwenyewe hazioni, kwa kuwa akili ndiyo inayopoa. Kwa hivyo kundi litembee wawili wawili, na kila mtu awe na dhamana ya mwenzake. Ukimwuliza "vipi hali?" atajibu "salama" hata akiwa katika hatari; afadhali umwombe akufungulie kifungo cha shanta, uone mikono yake inavyofanya kazi. Aliyekuwa anatetemeka sana kisha akaacha bila kupata joto wala nguo kavu hajapona. Amezidiwa.

Tafuta chanzo. Mara nyingi ni mapumziko marefu baada ya mpando mkali, wakati jasho limejaa nguoni na injini ya mwili imezimwa. Vaa sweta punde tu unaposimama, kabla hujahisi baridi, na usikae zaidi ya dakika chache mvuani. Chanzo cha pili ni njaa, maana mwili hauwezi kutengeneza joto bila chakula, na mvua huwafanya watu waahirishe kula kwa kuona uvivu wa kufungua shanta. Weka mfukoni tende, kashata au halua, ule kidogo kila saa huku unatembea. Chanzo cha tatu hakifikiriwi kabisa, nacho ni kiu: mtu hasikii haja ya kunywa kukiwa na mvua, ilhali anatoka jasho, na baridi humfanya akojoe zaidi. Mkojo wa rangi nzito na kichwa kinachogonga ni ishara tosha.

Aliyekwisha kupoa aondolewe upeponi kwanza, ndani ya hema au nyuma ya mwamba. Avuliwe nguo zote zilizolowa, akaushwe kwa kupapaswa taratibu, avishwe kavu pamoja na kofia, na awekewe kitu kinene chini yake, kwa maana ardhi hunyonya joto. Akiwa na fahamu na aweza kumeza vizuri, apewe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Chai ya tangawizi ni nzuri kwa sababu ya sukari na joto lake. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa ziwekwe kwapani na kifuani, zisiwekwe mikononi na miguuni. Asisuguliwe viungo, asipewe pombe, wala asilazimishwe kutembea ili apate joto. Akiwa amepoteza fahamu au ameacha kutetemeka, ashughulikiwe kwa upole mkubwa, kwani moyo uliopoa hudhurika kwa misukosuko, na msaada uitwe mara moja.

Miguu imekunjamana na kuwa myeupe

Ngozi iliyokaa majini saa nyingi hulainika, na ngozi laini huchubuka kwa msuguano ambao siku kavu usingeihisi. Malengelenge ya siku ya mvua kwa hivyo hayaponywi kwa kubadili soksi peke yake, ikiwa buti bado zimejaa maji. Tazama maji yaliingilia wapi. Buti zisizopitisha maji hujazwa aghalabu kutoka juu: mvua huteremka kwenye suruali, ikafuata soksi hadi ndani, na kwa vile buti haipitishi maji, haiyatoi tena. Suruali ya mvua ifunike shingo ya buti kwa nje. Katika safari ya joto ambayo utavuka vijito mara kwa mara, viatu vyepesi vya matundu, vinavyoingiza maji na kuyatoa, ni bora kuliko buti nzito.

Paka nyayo na vidole mafuta mazito ya mgando asubuhi kabla ya soksi. Vua viatu angalau mara mbili kwa siku, ukaushe miguu na kuiacha ipate hewa. Wanaosali wana nafasi hiyo tayari saa za adhuhuri na alasiri. Muhimu ni kuikausha vizuri katikati ya vidole baada ya udhu kabla ya kurudisha soksi. Jozi moja ya soksi za sufu iwe ya kulalia tu. Miguu ikibaki na ganzi, ikawa na mabaka na kuuma inapopata joto, hayo ni madhara ya mishipa, ambayo hutokea hata kwenye nyuzi 15 bila barafu yoyote, na mwenye miguu hiyo hapaswi kuendelea na safari.

Buti zilizolowa zisianikwe karibu na moto, kwa kuwa gundi huyeyuka na ngozi hupasuka. Ziondoe nyayo za ndani, jaza magazeti, na uyabadilishe yakishalowa.

Shanta imekuwa nzito na vilivyomo vimelowa

Kifuniko cha mvua cha shanta huacha mgongo wazi, na maji hupenya hapo kisha yakakusanyika chini. Kinga ya kweli ni ya ndani. Wengi walizoea kutandika mifuko ya nailoni, lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020. Nunua mifuko imara isiyopitisha maji, ile inayofungwa kwa kukunja mdomo wake mara tatu. Mmoja uwe wa nguo za kulalia, mwingine wa mfuko wa kulalia, nayo hiyo miwili isifunguliwe mvuani kwa sababu yoyote.

Njia imekuwa mfereji, kijito kimekuwa mto

Njia iliyokanyagwa miaka mingi huzama chini ya ardhi iliyo kandoni, kwa hivyo mvua huifuata. Pita katikati ya maji hayo. Kila anayeyakwepa huua majani ya pembeni na kupanua tope, na ndivyo kinamasi cha mteremko juu ya kituo cha Naro Moru kinavyozidi kumtaabisha kila ajaye. Kwenye udongo mwekundu wa Taita, teleza hutokea zaidi wakati wa kushuka. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo, na fimbo itangulie mbele.

Kuhusu mto, nasema bila kusita kwamba kusubiri ndiyo tiba ya kwanza. Vijito vya milimani vina mabonde mafupi, hivyo hupanda upesi na kushuka upesi, na saa chache zaweza kubadili kila kitu. Usivuke ukisikia mawe yakibingirika chini ya maji, ukiona matawi yakisombwa, au maji yakiwa ya kasi na yamefika juu ya magoti. Mahali pembamba panapovutia ndipo penye kina na nguvu, tafuta palipopanuka. Fungua mkanda wa shanta kiunoni na kifuani ili uweze kuitupa ukianguka, elekea upande maji yanakotoka, na usogee kwa upande ukitegemea fimbo. Usivue viatu. Mvua ya juu kileleni huleta maji chini hata mahali ulipo pakiwa na jua.

Radi

Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, uwe umekwisha kuondoka kileleni, mgongoni mwa mlima na kwenye mti uliosimama peke yake. Kundi litawanyike, mwavuli na fimbo za chuma ziwekwe mbali, na msubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Simu haisikii kidole

Kioo cha simu hutambua umeme mdogo wa kidole, na tone la maji huuchanganya, kwa hivyo simu yaweza kuwa nzima na bado ikakataa kufunguka. Kifute kioo kwa kitambaa kilichohifadhiwa kikavu. Baridi nayo hudhoofisha betri; simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Iliyoingia maji izimwe, isichajiwe, iachwe mahali penye hewa. Kuizika ndani ya mchele, kama wengi wafanyavyo majumbani, hakuikaushi kuliko hewa, na vumbi la mchele huingia kwenye matundu. Ramani ya karatasi ndani ya bahasha isiyopitisha maji haina tatizo lolote kati ya hayo.

Hema linadondosha matone ndani

Kabla ya kushuku mishono, gusa sehemu ya ndani ya kitambaa cha nje. Ikiwa imelowa kote kwa usawa, hiyo ni pumzi yenu pamoja na mvuke wa nguo mlizoanika humo, yaani tatizo lile lile la koti. Fungueni matundu ya hewa hata kama mvua inanyesha, na nguo zilizolowa zikae kwenye ukumbi wa hema. Ikiwa maji yanatoka chini, hema limesimikwa kwenye kibonde. Pahali palipo tambarare kama sakafu kavu jioni ndipo mara nyingi maji hutuama usiku. Chagua mahali penye mwinuko mdogo, uelekeze mlango upande usio na upepo, na kama ni msituni angalia ardhi kabla ya kutandika, maana siafu huhama wakati wa mvua.

Ikifika asubuhi na mvua bado inanyesha, vaa tena zile nguo zilizolowa za jana, na kavu zirudi ndani ya mfuko wake. Ni jambo chungu kuliko yote yaliyotajwa hapa, na ndilo ambalo wengi hushindwa kulitekeleza. Polista iliyokamuliwa vizuri hupata joto la mwili dakika chache tu baada ya kuanza kutembea. Atakayevaa kavu asubuhi atakuwa amelowa saa nne, na jioni, juu ya mlima, hatakuwa na cha kubadili.